Mfuniko wa Rejeta

Shemeji aliubonyeza mpira wa juu wa rejeta, akatabasamu. "Wa baridi kabisa. Gari limeshapoa. Nafungua mfuniko, hewa itoke."

Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya usukani. Nilijua kwa nini mpira ni wa baridi: hewa imenasa humo, maji yanayochemka yamebaki chini kwenye injini. Baba alinifundisha hilo nikiwa na miaka kumi na miwili.

Miaka ishirini nimeshika spana kwenye gereji hii. Asubuhi ya leo baba ametoa funguo za gereji mfukoni, akampa mume wa dada yangu. "Wewe binti utamsaidia," akaniambia. "Mwenzio ana mkono wa kazi. Hebu utazame."

Basi nikautazama. Ulikuwa laini, kucha safi, hauna hata alama moja ya moto. Ulishika mfuniko, naye akainama juu yake, uso karibu.

"Shem, mshale wa joto unasemaje huko?"

Mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu.

"Uko chini," nikasema. "Fungua tu."