Hesabu ya Misukumo

Mtoto mwenye soksi za njano alimsukuma mwenzake, na mtafiti akachora alama ya ishirini na tatu.

Alisimama nyuma ya kioo ambacho watoto hawakuweza kuona upande wake wa pili. Alipewa kiti, akakikataa. Mguu haukutulia, na kifuniko cha kalamu alishakitafuna mpaka kikapasuka.

Miaka tisa yeye na profesa aliyekuwa kando yake walijibizana kwenye majarida ya kitaaluma. Yeye alishikilia kwamba filamu za mapigano huwafanya watoto wapigane. Profesa alisema hizo ni hofu za wazazi tu, zimevishwa takwimu. Mwishowe wakakubaliana kufanya utafiti mmoja, pamoja: kundi la kwanza litazame filamu ya mapigano, la pili ya kupanda maua, kila moja kwenye chumba cha projekta, kisha waachwe wacheze. Yeye ndiye angehesabu. Hata profesa alikiri kwamba hakuna mwenye jicho kali kama lake.

Kwa profesa hayo yalikuwa mambo ya chuo. Kwa mtafiti yalikuwa ya nyumbani. Mwanawe wa pekee alihamia kwa shangazi yake siku mama yake alipomvunjia mashine ya gemu za vita, na tangu hapo hapokei simu yake.

Kundi la kwanza likatoka: misukumo arobaini na mmoja.

Kundi la maua likaingia. Wawili wakagombea mwanasesere hadi mmoja akaanguka chali.

"Hao wanataniana," mtafiti akasema, kalamu ikiwa hewani. Mwisho wa saa aliandika tisa.

Profesa alizisoma namba mara mbili, akavua miwani. "Umenishinda, dada yangu. Nitaliandika hilo kwa mkono wangu mwenyewe."

Mtafiti hakujua afurahi vipi. Akatoka kwenye korido, akarudi, akatoka tena. Hatimaye akamwandikia mwanawe ujumbe: Sasa nina ushahidi. Sikukuonea.

Alipokwisha kuutuma, fundi wa projekta akamjia, waya umemzunguka mkononi. Akaomba radhi kwa kuchelewa kutoa taarifa. Alikatazwa kugonga mlango wakati wa kuhesabu.

"Ile filamu ya mapigano ilikataa kufunguka, mama," akasema. "Makundi yote mawili niliyawekea ya maua."