Kadi Yenye Joto

Kasha, mazabodi, ule ubao mkuu wa saketi, na feni vilikuwa mitumba, na Hiza aliridhika navyo. Kwenye kompyuta ya gemu aliyomwahidi bintiye ilibaki kadi ya picha tu, na mfuko wake uliweza moja, ya bei ya chini kuliko zote. Alipoishika pale dukani ilikuwa na joto, ingawa haikuwa imechomekwa popote. Akaisogeza puani. Ilinukia siagi.

"Mbona ina joto, Bwana Sefu?"

"Ilikufa, nimeifufua," muuzaji alisema, akitabasamu kama anayesubiri kusifiwa. "Unaitia kwenye oveni kidogo, risasi ya kulehemia iliyo ndani inayeyuka, inashika tena."

"Oveni ipi?"

Muuzaji akaelekeza kidevu kwenye mlango wa nyuma. Huko mkewe, Bi Tunu, muuza mikate wa mtaa mzima, alikuwa akiondoa kadi mbili kwenye sinia. Akalipangusa sinia kwa upindo wa kanga, akalipaka siagi, akapanga madonge ya unga.

Hiza akaiweka kadi mezani. Wiki nzima bintiye alikuwa akiusukuma mkate kando, akisema una ladha ya waya. Jana Hiza alimsimamia, mkono kiunoni, mpaka akamaliza kipande cha mwisho.

"Unaichukua?" muuzaji akauliza.

Kabla hajajibu, Bi Tunu alitokeza na mkate ulioiva mapema, ameshaufunga kwenye gazeti.

"Baba Zuhra, wa mtoto huu hapa."

Akauweka mezani, kando ya kadi. Hiza akaugusa. Ulikuwa na joto lile lile.