Kidonda cha Uzi wa Kitani

"Taesi, simama umwonyeshe tabibu mkono wako," alisema mzee wa kanisa. "Mwambie ulivyokuwa umepooza, ukafufuka juzi nilipoupaka mafuta!"

Taesi, mfumaji wa mtaa ule wa kando ya Nili, alisimama. Tabibu alikaa karibu na mlango pamoja na wasiobatizwa, ambao hutolewa nje kabla ya mkate kumegwa. Alikuwa amekuja kucheka tu.

Taesi aliutazama mkono. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kidonda kikavu, kigaga chake kimeanza kubanduka. Uzi wa kitani ulimkata siku sita zilizopita, akiwa tayari anafuma kwa mkono huo.

"Mkono ulianza kupona kabla ya mafuta, baba," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu mlifurahi mno."

Tabibu alijipiga paja. "Si niliwaambia? Muujiza gani huo, jamani!"

"Wewe nyamaza. Ulinitazama mara moja ukasema nikazoee." Akamgeukia mzee. "Mkeo alinisuka nywele mwaka mzima, mkono ukiwa umekufa. Hakuniuliza hata siku moja kama nitapona. Mimi siwezi kula mkate na mwanamke yule huku nikimdanganya."



Shemasi aliufungua mlango. Wasiobatizwa wakatoka, tabibu akiwa wa mwisho, na safari hii hakucheka.

Mzee aliushika mkate. Taesi hakusogea mlangoni. Aliunyoosha mkono ule ule, kiganja juu, akangoja.