Sauti Nyuma ya Kamba

“Baja las manos,” mke wa bondia alipaza sauti, na jirani akagonga ukuta kulalamika.

Shusha mikono. Mwalimu wa Kihispania alicheka, akasema matamshi yamekaa sawa, ila asiombe. Amri ya mtu wa karibu haina tafadhali. Ni vile mtu anavyomwambia mdogo wake, rafiki yake, mkewe. Mwanafunzi akajibu kwamba hapo hana shida, za namna hiyo anazisikia kila siku.

Mpango ulikuwa wa mumewe. Mpinzani wake, mgeni asiyejua lugha nyingine ila Kihispania, alilelewa na kufundishwa ngumi na dada yake, na ulingoni hakumsikiliza mwingine yeyote. Sauti ya kike ikisema shusha, anashusha. Ikisema piga, anapiga, maswali baadaye. Bondia akaona huo ndio mteremko. Mkewe akae karibu na kamba, na mgeni akishavimba macho, amwagize ashushe mikono. Ngumi moja safi hapo, na mkanda wa ubingwa unahamia sebuleni kwao.

Nani angefaa zaidi yake? Ndiye aliyemshikia padi za mazoezi. Ndiye aliyemfunga bendeji mbavu za kushoto zilipopata ufa, siri ambayo hata kocha hakuambiwa. Mwalimu alipouliza kuhusu kifundo cha mkono kilichovimba, alisema ni hizo padi tu, mume wake ana mkono mzito. Kisha akaomba afundishwe maneno mengine machache ya nyongeza.

Siku ya pambano ukumbi ulifurika, na watu walipata walichokifuata. Bondia alimpasua mgeni nyusi, damu ikamrukia mwamuzi shatini. Mgeni akamrudishia ngumi ya mdomo iliyong'oa jino, likadondokea miguuni mwa watazamaji wa mbele. Walitwangana hivyo, raundi baada ya raundi, kama watu waliokatazwa kuchoka.

Kufikia raundi ya tano macho ya mgeni yalikuwa yameziba kabisa. Alipigana kwa masikio. Dada yake, huko kona ya pili, alikuwa amepiga kelele hadi sauti ikamkauka, na sasa alibaki kupunga taulo ambalo kaka yake hakuliona.

Bondia alirudi nyuma mpaka kwenye kamba, akamwinamia mkewe. Kinga ya meno ilikuwa nyekundu tupu.

“Sasa,” alisema. “Na ukikosea, tutaonana nyumbani.”

Bondia akajongea mbele, akauvuta mkono wa kulia nyuma kabisa, mwili wote wazi, akingoja mikono ya mgeni ishuke. Kocha akamfokea ajikinge. Hakujali, alikuwa anatabasamu.

Mkewe akasimama. Akashika kamba kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaita kwa Kihispania, kwa sauti ya mtu asiyeomba. Mgeni akageuza sikio mara moja.

“Piga mbavu,” alimwambia. “Za kushoto. Piga tena. Usiache.”