Jasho la Dawa

Mzee Makungu alikuwa katika siku ya tisa ya kumeza vidonge vya tezi ya shingo. Jasho lilimtiririka na mikono ikimtetemeka mbele ya mshenga aliyeleta posa ya binti yake.

"Simtaki huyo aliyekutuma. Alimfukuza mkewe wa kwanza akiwa mjamzito."

Bangili ya zahanati, inayopima mapigo ya moyo, ikawaka nyekundu mkononi mwa mzee. Kisheria, ikiwa nyekundu, neno la anayeanza dawa halihesabiki.

"Ni dawa hiyo, mzee wangu," mshenga akasema. "Tutangoja utulie."

"Jasho ni la dawa. Maneno ni yangu."

Nyekundu ikazidi. Mke wa mzee akampepea. "Baba Mwanaidi, kunywa maji kwanza."

Wakangoja mpaka akachoka hata kukasirika. "Haya, fanyeni mtakavyo," akanong'ona.

Bangili ikageuka kijani. Mshenga akatoa kalamu, akaliandika neno hilo.