Kufuli la Mzee Plaizi

"Usiguse," Chapchap alisema, na mchukuzi aliyekuwa amenyoosha mkono kuelekea swichi kuu akaurudisha kama aliyeona nyoka.

Kwenye mpini wa swichi lilining'inia kufuli jekundu lenye picha ya plaizi iliyochorwa kwa rangi nyeupe. Kiwandani pale kila fundi umeme alikuwa na kufuli lake na ufunguo mmoja tu, nao haukutoka mfukoni mwake. Ukiliona kufuli la mtu kwenye swichi, basi mwenyewe yumo ndani ya mashine, na atakayewasha atakuwa ameua.

Na hilo lilikuwa kufuli la Mzee Plaizi.

Chapchap, msimamizi wa tanuri la kukaushia mbao, alikimbilia mlangoni. Tanuri lenyewe lilikuwa chumba kirefu cha chuma, kimeshonana mabunda ya mbao toka mlangoni hadi ukuta wa nyuma, zilikokaa feni na hita. Lilikuwa limezimwa, lakini joto lililobaki lilitosha kumwangusha mtu mzima. Mzee hakuwa zamu siku hiyo. Kama amekuja, basi amekuja kwa sababu moja, na sababu hiyo Chapchap aliijua vizuri kuliko alivyopenda.

Jana yake binti wa Mzee Plaizi, naye fundi umeme hapo hapo, alimwambia Chapchap kwamba nati inayobana waya mkubwa wa hita, kwenye paneli ya umeme ya tanuri, imelegea. Waya unachemka, ganda lake limegeuka kahawia, na unga wa mbao umejaa chini yake. Siku ukishika moto, hatoki mtu. Aliomba wazime, upoe, akaze. Chapchap akasema mzigo wa watu unasubiri. Binti akazima mwenyewe, akatundika kufuli lake. Chapchap akaagiza mkasi wa vyuma, akalikata mbele ya watu, akawasha.

"Kufuli la mtoto hilo," alisema, na baadhi yao wakacheka.

La Mzee hakuna aliyewahi hata kuota kulikata.

"Mzee," Chapchap aliita kutoka mlangoni. "Mzee Plaizi, itika basi." Joto likampiga usoni. Alijaribu kupenya kwa ubavu, lakini bunda moja lilikuwa limeinama likaziba njia. Alipiga simu ya Mzee, haikupatikana.

"Tumtume mtu nyumbani kwake akaulize?" mchukuzi alisema.

"Nyumbani akaulize nini, na kufuli liko hapa?"

Akawageukia wachukuzi wote.

"Toeni mbao," Chapchap alisema. "Zote."

Wakaanza kuvuta mabunda kwa toroli, jasho likiwatiririka. Chapchap alivua shati akabeba pamoja nao, viganja vikachubuka, hakujali. Siku yake ya kwanza kiwandani, alipokuwa kibarua asiyejua hata pa kuweka mguu, ni Mzee Plaizi aliyemshika mkono. Hadi leo, mbele za watu na cheo chake chote, Mzee alimwita mwanangu.

"Taratibu, bosi," mchukuzi alimwambia alipomwona anayumba. "Tunatafuta mtu mmoja, usitufanye tutafute wawili."

Binti alikuwa pembeni, mbele ya paneli iliyo wazi, spana mkononi. Hakusogea mlangoni wala hakumwita baba yake. Chapchap alimtazama, roho ikamuuma. Alidhani huenda ndivyo watu wengine wanavyolia.

"Binti, njoo umwite wewe. Sauti yako huenda akaisikia."

"Mimi nakaza, bosi," alijibu bila kugeuka. "Ungenisikiliza jana, kufuli hilo lisingekuwa hapo leo."

Chapchap akarudi kwenye mbao.

Yalipobaki mabunda machache, pumzi ilimkatika. Aliegemea ukuta wa tanuri, akauona uso wa mke wa Mzee, akajiona amesimama mlangoni kwake akitafuta pa kuanzia.

"Nikimpata anapumua," alisema, na hakujua anamwambia nani, "fundi yeyote akisema zima, tutazima. Hata angekuwa nani."

Spana ya binti ilisimama. "Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

"Sema kwa sauti, bosi. Wenzako wasikie."

Akalisema kwa sauti, na sauti yenyewe ikamkatikia katikati. Safari hii hakuna aliyecheka.

Bunda la mwisho lilipotoka, Chapchap hakusubiri mtu. Aliingia na tochi, akainama, akatambaa nyuma ya feni, akapapasa chini ya hita moja baada ya nyingine huku akinong'ona jina la Mzee. Mkono wake ulikutana na unga wa mbao tu, wa moto kama majivu. Alitoka kwa magoti, macho mekundu, midomo imekauka.

"Hayumo," alisema. "Binti, hayumo humu. Baba yako yuko wapi?"

Binti aliivuta nati kwa spana mara moja zaidi. Haikusogea. Akafunga mlango wa paneli, akajifuta mikono kwenye suruali, akatoa ufunguo mfukoni.

"Yuko nyumbani," alisema. "Ameniazima kufuli."