Ishirini ya Zulfa

Zulfa alitaka tu kumkwepa dada wa mumewe, mwanamke ambaye akiingia nyumbani kwa watu hufunua mpaka masufuria. Alipomsikia ngazini akajibanza nyuma ya pazia la jikoni, akatupa dadu yenye nyuso ishirini kama sheria inavyomtaka kila anayejificha. Ikaangukia ishirini, namba ya juu kabisa.

Kisheria, aliyejificha haonekani mpaka mtu atupe namba kubwa kuliko yake. Mgeni aliondoka zamani. Zulfa bado anapika na kufua humo humo ndani, na hakuna anayeruhusiwa kumtazama wala kumjibu. Kuta za siku hizi hurekodi kila neno, na ukimwona aliyefichika unafungwa.

Kila jioni mumewe, Hizza, alitupa dadu mezani bure. Binti yao Mwanaidi alikula wali wa mama yake akiuambia ukuta: "Leo nazi imekolea."

Imebaki njia moja tu. Aliyejificha akimvizia mtu na kumjeruhi, huonekana papo hapo, na sheria haimgusi.

Jioni hii Hizza hakutupa dadu. Aligeuza kiti, akalipa jiko mgongo, akavua shati.

"Baba, unaona joto?"

"Kidogo. Sogea pembeni, mwanangu."

Zulfa akautazama ule mgongo ambao alijua kila kovu lake. Machozi yalimlenga. Ndipo alipogundua kwamba mkono wake umeshashika mchi wa kinu, na kwamba hautetemeki hata kidogo.